Skrini ya Katikati Kwanza

Kipindi kilichopita nilisema kwa kupitia tu kwamba zamani mezani kwangu kulikuwa na skrini tatu, na siku hizi zimebaki mbili. Mwenzangu akacheka, akasema hizo mbili zenyewe ni kama chumba cha kuongozea ndege. Sisi tukaendelea na mengine, lakini nyie hamkuendelea. Ujumbe umeingia wiki nzima, na mmoja wenu wa Birmingham ameuliza swali ambalo naona linawagusa wengi: ana kompyuta ya gemu ya miaka minne hivi, ana pauni 200 mkononi, anataka skrini tatu. Aanzie wapi?

Jibu fupi ni hili: nunua moja nzuri ya kukaa katikati, ya pili tafuta iliyotoka ofisini kwa watu, ya tatu isubiri. Jibu refu lina hesabu kidogo, waya kidogo, na kosa langu mwenyewe ambalo sikulisema hewani.

Nilivyoingia mkenge

Mwaka juzi, usiku wa manane, nimelala na simu usoni, nikaona skrini za inchi 27, zile za 2560 kwa 1440, pauni 160 kila moja. Chini yake pameandikwa: lipa kwa miezi 12, hakuna riba. Nikapiga hesabu ya haraka. Tatu ni pauni 480, kwa mwezi ni pauni 40. Pauni 40 ni nini bwana? Ni kula nje mara mbili. Nikabonyeza.

Zilipofika nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Furaha ikaisha siku ya pili. Gemu niliyokuwa nacheza vizuri kabisa kwenye skrini moja ikaanza kukwamakwama nikiitandaza kwenye tatu. Feni za kompyuta zikawa zinavuma mpaka mama, aliyekuwa amekuja kunitembelea, akauliza kama nimewasha mashine ya kufulia.

Hilo la feni ningelivumilia. La pili ndilo gumu. Mwezi wa tatu wa lile deni, kwenye grupu la familia ikaja habari kwamba bibi yetu Unguja anatakiwa kutolewa mtoto wa jicho. Ami akaandika kiasi chake, shangazi akaandika chake, binamu zangu wakafuatia mmoja mmoja. Mie, mwenye digrii na kazi ya ofisini, nikaandika "inshaallah wiki ijayo". Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Gari nalo lilikuwa limeharibika mwezi uleule, na lile deni la skrini halina subira, tarehe moja ikifika linakata. Ami yangu wa Muscat akaziba pengo langu kimya kimya. Hakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamdulillah, bibi alipona, na ami nimeshamrudishia. Skrini mbili nikaziuza kwa hasara, nikamaliza deni, moja nikabaki nayo katikati. Miezi kadhaa baadaye nikaongeza ya pembeni iliyotoka ofisini, pauni 25. Ndizo hizo mbili mnazozisikia. Nasema haya kwa sababu ushauri mwingi mitandaoni unaanzia kwenye picha ya meza yenye taa za zambarau. Mie nataka tuanzie mfukoni.

Kwanza, ya nini?

Mtu akisema "nataka skrini nyingi za gemu", huwa anachanganya mambo mawili. La kwanza ni kuitandaza gemu moja kwenye skrini zote, ione kulia na kushoto kama dirisha kubwa. La pili ni kucheza gemu kwenye skrini moja, na ile nyingine ishike mambo mengine: mazungumzo, ramani, video, matokeo ya mechi. Haya mawili yana bei tofauti kabisa. Wengi wetu tunanunua vifaa vya lile la kwanza, kumbe tunahitaji hili la pili.

Nijichukue mimi. Jumamosi sisi binamu tuna kikao chetu. Majira ya baridi, kwangu hapa Uingereza inakuwa saa kumi na mbili jioni, Unguja saa tatu usiku, Muscat saa nne usiku, Toronto saa saba mchana. Tunacheza mpira, tunazodoana, anayefungwa anasingizia intaneti. Mpira wenyewe unanitosha kwenye skrini moja. Kilichokuwa kinanisumbua ni wale binamu. Nilikuwa naegemeza simu kwenye kikombe cha chai ili niwaone, na kila nikifunga goli simu inaanguka. Skrini yangu ya pili kazi yake ni kushika nyuso zao. Kwa kazi hiyo haihitaji kasi wala ukubwa, inahitaji kuwaka tu.

Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, andika kwenye karatasi gemu tatu unazocheza zaidi. Kama ni mpira, kamera iko juu jukwaani na uwanja unaouhitaji unatosha skrini moja. Kama ni za kupigana risasi, macho yako yote yako katikati. Kama ni magari, malori au ndege, hapo tuna mazungumzo, na nitayafikia.

Mwenye PS5 au Xbox naye asikie hili mapema: mashine ile inatoa picha moja kwa skrini moja. Ukinunua kile kigawanyio cha HDMI utapata picha ileile mara mbili. Skrini yako ya pili itahitaji kompyuta yake, na laptopu ya kazini kwako au tableti kuukuu inatosha. Kwa kweli hata wenye kompyuta ya gemu wajiulize: je, laptopu ile pale kabatini si tayari skrini ya pili? Iweke pembeni, fungua mazungumzo, umemaliza, gharama sifuri.

Hesabu ya vidoti

Skrini ni vidoti vinavyoitwa pikseli. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila fremu moja ya gemu, kadi ya grafiki inavichora vyote, na fremu ziko 60, 100 au zaidi kwa sekunde. Ukitandaza gemu kwenye skrini tatu za namna hiyo unakuwa na picha moja ya 5760 kwa 1080, yaani pikseli 6,220,800. Kazi imekuwa mara tatu na kadi ni ileile.

Zile zangu za 2560 kwa 1440 zilikuwa na pikseli 3,686,400 kila moja. Mara tatu ni 11,059,200. Televisheni ya 4K ina 8,294,400. Yaani kadi yangu ya bei ya kati nilikuwa naitwisha mzigo kuliko wa 4K, halafu nashangaa inalia.

Kutandaza kwenyewe kunafanyika bila gharama, kwa programu inayokuja na kadi. Kwa kadi za NVIDIA inaitwa Surround, kwa AMD inaitwa Eyefinity, na hii ya AMD ipo tangu mwaka 2009. Kwa hiyo kutandaza si jambo jipya, na programu si tatizo. Tatizo ni nguvu. Mtu mwenye pauni 200 akinunua skrini tatu, bado hajanunua kadi ya kuziendesha, na kadi hiyo peke yake inaweza kuzidi bei ya skrini zote.

Lakini skrini ya pembeni inayoonyesha nyuso za watu au ukurasa wa mtandao haiongezi mzigo wa maana. Hapo ndipo unafuu ulipo.

Ya katikati: hii ndiyo ya kuigharamia

Kwa kompyuta ya miaka minne, ushauri wangu ni inchi 24, 1920 kwa 1080, paneli ya IPS, hetsi 144 au zaidi. Hapa Uingereza nimeziona mpya kati ya pauni 90 na 120, na mwezi wa kumi na moja, wakati wa punguzo, zinashuka.

Hetsi ni mara ngapi skrini inabadilisha picha kwa sekunde. Ya hetsi 60 inabadilisha kila milisekunde 16.7, ya 144 kila milisekunde 6.9 hivi. Ukishazoea 144, kurudi 60 ni kama kutoka lami kuingia barabara ya mashimo. IPS nayo ni aina ya paneli ambayo rangi hazigeuki ukiitazama kwa upande.

Kitu kingine cha kutazama kwenye boksi ni neno FreeSync. Maana yake skrini inaweza kufuata mwendo wa kadi, kadi ikipungua kasi na skrini inapungua nayo, picha isikatike katikati. Usiogope kama kadi yako ni NVIDIA. Tangu mwaka 2019 kadi zao nyingi zinakubali skrini za namna hii, ukitumia waya wa DisplayPort.

Ya pembeni: iliyostaafu kazi

Maofisi hubadilisha skrini zao kwa mkupuo, zile za zamani zinauzwa rahisi, na nyingi bado nzima. Zile za kiofisi za Dell, HP na Lenovo mara nyingi zina stendi ya kupanda na kushuka na kugeuka wima, kitu ambacho skrini mpya za bei ya chini hazina. Ya kwangu ya pauni 25 nimeisimamisha wima. Nyuso za binamu zinapangana juu kwa chini kama picha za ukoo ukutani.

Utazipata kwa wauzaji wa vifaa vilivyokarabatiwa, kwenye maduka ya hisani yanayouza vyombo vya umeme, na kwa watu binafsi mtandaoni. Kwa muuzaji wa duka unalipa zaidi kidogo lakini una waranti. Kwa mtu binafsi, fanya hivi:

Nenda na laptopu na waya wako. Omba iwashwe mbele yako, na usilipe kabla ya kuiona inawaka. Fungua picha nyeupe tupu ijaze skrini, kisha nyeusi, kisha nyekundu. Kwenye nyeupe utaona vidoti vilivyokufa na madoa, kwenye nyeusi utaona kama mwanga unavuja pembeni. Iache iwake dakika kumi, kwa sababu kuna skrini zinazojificha, zikipata joto ndo zinaanza kumetameta. Bonyeza vitufe vyote. Geuza nyuma utazame matundu: ikiwa na VGA peke yake, achana nayo hata kwa pauni 5. Ulizia stendi na waya wa umeme, maana kuna watu wanauza skrini bila miguu halafu wanakuambia "stendi rahisi kupata". Si rahisi.

Skrini nyingine za kiofisi ni 1920 kwa 1200, ndefu kidogo kwenda juu. Kwa pembeni ni nzuri sana, maandishi yanaenea. Ila usitegemee ziungane vizuri na ya 1080 kwenye gemu moja ya kutandaza.

Waya na matundu

Hapa ndipo pauni 15 zinapopotea kwa kununua adapta isiyo sahihi.

Kadi nyingi za grafiki za miaka hii zina DisplayPort tatu na HDMI moja, na zinakubali mpaka skrini nne. Skrini ya katikati ipe DisplayPort. Ile ya pembeni ipe kilichobaki.

Ukihitaji adapta, kumbuka kuna njia rahisi na njia ngumu. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini, adapta ya bei ndogo inafanya kazi. Kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya skrini, ile ya bei ndogo haifanyi kitu. Inahitajika adapta maalumu inayogeuza mawimbi yenyewe, na mara nyingi inataka umeme wake wa USB. HDMI na DVI zinaelewana kwa adapta ya kawaida.

Skrini za zamani zenye HDMI 1.4 mara nyingi zinaishia hetsi 120 kwa 1080, na HDMI 2.0 inavuka 144. Sababu hiyo ndiyo inanifanya niseme DisplayPort kwa ya katikati, huhitaji kukariri namba.

Halafu kosa ambalo mdogo wangu alilifanya, na sitalisahau. Alininunisha wiki tatu, ati nimemshauri vibaya, kompyuta yake mpya ni mbovu, gemu inatambaa. Nikaenda mpaka kwake Sheffield. Kutazama nyuma ya kompyuta, waya wa skrini ameuchomeka kwenye matundu ya juu, yale ya mazabodi, yaani ubao mkuu. Kadi yake ya grafiki imekaa chini pale, haina hata waya mmoja, imelala. Dakika moja tukauhamisha. Akanipikia pilau kwa aibu. Basi na wewe kachungulie sasa hivi: matundu ya kadi ni yale yaliyolala chini kidogo, mbali na matundu ya USB.

Mipangilio ya dakika tano

Ukishachomeka, Windows inaweza isijue kwamba skrini yako ni ya hetsi 144, ikaiendesha kwa 60. Nenda kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya skrini, kisha sehemu ya mipangilio ya ziada ya skrini, uchague namba kubwa kabisa. Mimi mwenyewe nilikaa na skrini ya 144 miezi miwili ikienda 60, na nilikuwa nawaambia watu naona tofauti kubwa. Moyo nao unadanganya.

Hapohapo buruta vile visanduku vyenye namba 1 na 2 vikae kama skrini zilivyokaa mezani, na ile ya katikati uiweke kuwa skrini kuu. Usipofanya hivyo gemu itafunguka pembeni, na panya atagonga ukuta ambao huuoni. Kitufe cha Windows pamoja na Shift na mshale wa kulia au kushoto kinarusha dirisha kutoka skrini moja kwenda nyingine. Jifunze hicho kimoja tu, kitakutosha mwaka mzima.

Ndani ya gemu, chagua dirisha lisilo na kingo kama unataka kutoka na kurudi haraka kumjibu mtu. Chagua skrini nzima kama unataka panya asitoroke. Na video ya pembeni ikianza kukwama wakati unacheza, jaribu kuzima kwenye kivinjari ile hali ya kutumia nguvu ya kadi ya grafiki. Mara nyingi inatulia.

Basi nani anahitaji tatu?

Binamu yangu wa Toronto. Huyu bwana kazi yake ni dereva wa lori, siku tano kwa wiki. Jumamosi akimaliza mpira na sisi anafungua Euro Truck Simulator 2 na kuendesha lori. Tumemcheka mpaka tumechoka. Yeye anasema kule hakuna bosi na hakuna theluji.

Ila kwenye malori skrini tatu zina maana. Unageuza shingo unaona kioo cha pembeni, unaona gari linalokupita. Na yeye alizipata kwa akili: ofisi moja ilikuwa inafungwa, akanunua tatu za aina moja kwa mpigo, inchi 24, hetsi 60. Kwa lori hetsi 60 zinatosha. Gemu yenyewe ni ya mwaka 2012, haidai kadi ya kutisha, na akashusha vivuli na vioo kidogo ili kadi ipumue.

Ukifuata njia yake, zingatia mambo matatu. Kwanza, zote ziwe aina moja na urefu mmoja, vinginevyo barabara itapanda ngazi ikivuka kutoka skrini moja kwenda nyingine. Pili, zigeuze zikutazame. Skrini ya inchi 24 ina upana wa kama sentimita 53. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwayo, inachukua nyuzi kama 48 za mtazamo wako. Basi kila ya pembeni ikunje kwa nyuzi hizohizo, na kwa jumla utakuwa unaona nyuzi zaidi ya 140. Tatu, pima meza kabla. Zikiwa zimenyooka zinataka karibu sentimita 160. Zikikunjwa hivyo, kama sentimita 125 kwa upana, lakini zinakuja mbele kwako karibu sentimita 40. Meza nyembamba haina pa kuweka kibodi.

Na tukiwa kwenye meza: mkono wa kubana mezani ni kitu kizuri, lakini meza nyingi za bei nafuu ndani ni karatasi iliyokunjwa kama sega la nyuki. Mkono wenye skrini mbili ukiubana pale, unazama. Weka kipande cha ubao mgumu juu na chini ya pale unapobana. Hakikisha pia nyuma ya skrini kuna matundu manne ya skrubu, ya milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, maana mikono mingi inafuata vipimo hivyo. Kwa kuanza, usinunue mkono kabisa. Stendi ya ofisini inatosha.

Hesabu ya ndugu yetu wa Birmingham

Skrini ya katikati, mpya, inchi 24, hetsi 144: pauni 95.
Skrini ya pembeni, iliyotoka ofisini: pauni 25.
Waya wa DisplayPort, kama haukuja kwenye boksi: pauni 8.
Adapta, ikihitajika: pauni 7.

Jumla ni pauni 135. Zinabaki 65. Najua mkono utawasha. Utasema skrini nyingine ya ofisini ni 25 tu, na una 65, kwa nini isiwe tatu leo? Nakuomba ukae na mbili miezi miwili. Ukiona kweli kuna kitu unakikosa kila siku, na si kwa sababu umeona picha ya meza ya mtu, nunua ya tatu, na utakuwa bado ndani ya ile mia mbili. Wengi hawafiki huko. Wanagundua kwamba macho ni mawili na shingo ni moja.

Na chochote utakachonunua, nunua kwa hela uliyonayo. Sisemi mkopo wa mafungu ni wizi. Wengine wanaujulia, wanalipa mpaka mwisho na mambo yao yanakwenda. Nasema sisi ambao simu yetu inaweza kulia saa yoyote na habari ya nyumbani, hatuna miezi 12 ya uhakika. Pauni 40 za mwezi ni ndogo mpaka siku zinapohitajika kwingine. Siku hiyo zinakuwa kubwa sana, na huwezi kumwambia mtu zimeenda wapi.

Siku hizi Jumamosi bibi naye huingia. Binamu yangu wa Unguja anamshikia simu, anakaa pale juu kabisa kwenye skrini yangu ya pauni 25. Mpira haumhusu. Jumamosi iliyopita, katikati ya mechi, akaniambia nimekonda na nikanyoe ndevu. Nikatazama pembeni kumjibu, binamu wa Muscat akafunga goli. Mbili moja. Nimedai lisihesabiwe, na mpaka leo kesi haijaisha.

Maswali mengine ya waya na matundu tumeni kama kawaida, na mkitaka kutuma picha za meza zenu, tumeni, ila zikiwa na vumbi lake. Tukutane hewani.